Kiti cha Simba Asiye na Uso

Nyinyi mnaochonga viti vya maharusi kule nyuma ya stesheni, nimewaona. Juzi nilipita hapo nikienda kliniki ya magoti, nikasimama mbele ya kimoja: mgongo mrefu kama mlango wa kanisa, taji juu, velveti nyekundu, rangi ya dhahabu imepulizwa kila mahali hadi kwenye magurudumu. Kijana mmoja akaniambia, "Sasa mathe, hii ni ya kifalme kabisa." Nikainama, nikahesabu misumari ya chini. Nikahesabu tena. Mguu wa nyuma wa kushoto ulikuwa umeshikwa na misumari miwili na matumaini.

Nikauliza bei. Sikutaka kununua, ni ugonjwa wangu tu. Akataja yake, nikataja yangu, akacheka kama mtu aliyetukanwa na shangazi yake, tukaachana kwa amani. Lakini njia nzima mpaka kliniki lile neno lilikuwa likinisumbua. Ya kifalme. Nyinyi hamjawahi kukiona kiti cha mfalme. Mimi nimekiona. Nimekipindua, nikakichungulia tumboni, nikakitoa matandiko ya ndani kwa mikono hii. Na nimemwona mtu akikikalia. Niwaambie mapema kwamba si hadithi ya harusi.

Kwa wasionijua, mimi ndiye waliyekuwa wakiniita Mama Viti. Nilikuwa na karakana Nakuru pamoja na Mzee Wafula. Yeye alishika mbao, mimi nikashika vitambaa, springi na maneno. Kazi yetu ilikuwa fanicha kuukuu. Kila nyumba ya mzungu iliyouzwa huku juu, Molo, Subukia, Njoro, vitu vyake hutolewa nje na kupangwa kwenye nyasi. Mimi nilikuwa nafika mapema na viatu vya matope, ili nisifanane na mtu mwenye pesa. Somo la kwanza la kununua, mkitaka kulishika: usikiangalie unachokitaka. Angalia kilicho kando yake, kilalamikie, kivute droo, guna. Ukimaliza kukisema vibaya ndipo uulize, kama mtu aliyechoka, "Na hiki kibovu kingine je?" Nimenunua makabati ya maana kwa njia hiyo nikiwa namtukana mtu jiko lake.

Wafula hakuwa mtu wa maneno. Baba yake alitoka magharibi akaja kuajiriwa na reli, akawa anashona viti vya mabehewa ya daraja la kwanza. Mtoto akakulia katika nyumba za wafanyakazi wa reli, akicheza na springi badala ya mpira. Ndiye aliyenifundisha gundi. Mimi nilianza na ile nyeupe ya mkebe, kama nyinyi. Siku moja akanikuta namimina, akasimama tu, akaniambia, "Mama Viti, hiyo ni ndoa isiyo na talaka. Ukikosea leo, mwingine atalazimika kuvunja." Yeye alipika gundi ya ngozi, kwenye sufuria ndogo iliyotiwa ndani ya sufuria kubwa ya maji, juu ya jiko la makaa, siku nzima. Inanuka kama ng'ombe aliyekata tamaa. Lakini inashika, na atakayekuja baada yako akiipasha moto kidogo, inaachia. Alikuwa akisema fundi mzuri humwachia mlango fundi ambaye hajazaliwa. Sasa hivi nikipita kwenu nasikia stapla tu, ta-ta-ta-ta, kama mnapigana vita.

Halafu kulikuwa na chai ya kiti.

Hii lazima niieleze, kwa sababu yote yanakuja kuegemea hapo. Mwanzoni kabisa tulitengeneza kiti cha mchungaji wa kanisa moja, tukakikimbiza kwa sababu Pasaka ilikuwa imefika. Kilipendeza. Mchungaji akakaa baada ya mahubiri, waumini wakasema amina, na kiti nacho kikasema yake. Hakuumia, ila alishuka mbele ya kwaya nzima, na miguu ilikuwa juu. Kuanzia siku hiyo Wafula akaweka sheria: hakuna kiti kitakachotoka mlangoni mpaka mtu akikalie na anywe kikombe kizima cha chai, kikombe kilichojazwa hadi mdomoni. Chai ikimwagika, kiti kirudi mezani. Anayekinywea lazima awe amekaa, aegemee, ageuke kuzungumza na mtu, kama mtu aliye kwake. Akimaliza anapindua kikombe kuonyesha ni kitupu, ndipo tunampigia mwenye kiti simu. Wateja walikuwa wanacheka. Majirani walikuwa wanakuja kuuliza kama kuna kiti kimeisha, maana chai yangu ilikuwa na maziwa mengi.

Basi. Kile kiti kililetwa na lori asubuhi ya mvua, kimefungwa kwa mablanketi na turubai kama mgonjwa. Kilikuwa kimetoka kwenye nyumba moja ya shambani upande wa Kabazi. Mzee wa mwisho wa ile familia ya wazungu alikuwa amekufa, shamba likakatwa vipande, na kiti kikanunuliwa na tajiri mmoja aliyekuwa akijenga hoteli ya watalii huko Ndabibi, nyuma ya ziwa la Naivasha. Alitaka kukiweka sebuleni ili wageni wakiingia washike kifua. Habari aliyopewa ni kwamba kilitengenezewa mfalme wa Kihindi, maharaja, zamani, na afisa fulani akakipata huko kwa njia ambayo hakuna aliyeuliza, akapanda nacho meli, kikafika huku kwenye viazi na ukungu.

Tulipotoa blanketi la mwisho, Wafula alivua kofia. Hakuivua hata kwa maaskofu.

Sehemu yote ya mbele ilikuwa imevikwa fedha. Si rangi ya fedha, jamani. Fedha yenyewe, bapa nyembamba kama ukucha, iliyogongwa kwa nyundo kutoka nyuma mpaka maua yakainuka, majani yakajikunja, na mshipa wa kila jani ukaonekana. Mgongoni kulikuwa na tausi wawili wameangaliana, kila unyoya na jicho lake. Mikono ya kiti ilikuwa simba wawili, na miguu minne ilikuwa miguu ya simba. Vile vimisumari vya kushikilia fedha ni vidogo kuliko mbegu ya sukuma wiki. Nilianza kuvihesabu, nikapotea kwenye mkia wa tausi, nikaanza upya, nikapotea palepale.

Nikakizunguka. Mimi ni mchuuzi, lazima nione nyuma ya kila kitu. Huko nyuma hakukuwa na fedha. Kulikuwa na mbao tupu, haijapigwa hata randa vizuri, alama za msumeno zinaonekana. Nikacheka peke yangu. Fundi alijua kwamba mfalme hawezi kuzunguka nyuma ya kiti chake, na wanaosimama huko nyuma ni wapeperusha nzi, nao hawana la kusema. Mpaka leo hiyo ndiyo sehemu niliyoipenda zaidi. Chini ya ile fedha, mahali ilipofunguka, kulijazwa kitu cheusi kama lami ili maua yasibonyee ukiyagusa. Kwa hiyo huo utukufu wote ulikuwa ngozi, chini yake lami, chini yake mbao ya kawaida iliyoliwa na wadudu.

Kama kiti, kilikuwa kibaya. Nasema hivi nikiwa nimekiheshimu. Kilikuwa kirefu mno, labda kwa sababu mfalme hatakiwi kugusa sakafu, na kigoda chake cha miguu kilikuwa kimepotea. Midomo ya tausi ilikuwa imechomoza palepale mifupa ya mabega inapotaka kupumzika. Kikalio kilikuwa kimejazwa singa za farasi zilizokuwa ngumu kama mkeka. Ukikikalia unakaa wima, kwa sababu hakuna mahali pengine pa kwenda. Nilimwambia Wafula kwamba aliyekitengeneza alimchukia mfalme. Wafula akasema hapana, alitengenezea macho ya wengine, mgongo wa mfalme haukuwa kwenye agizo.

Halafu nikahesabu makucha. Miguu ya mbele, makucha matano matano. Miguu ya nyuma, manne manne. Nikahesabu tena nikiwa nimepiga magoti. Nikamwita Wafula, "Fundi, huyu mtu alimpunja mfalme makucha mawili." Nilifurahi sana. Niliwaeleza watu wiki nzima, nikaliweka kwenye maneno yangu ya kuombea bei mahali pengine, kwamba hata kazi ya ikulu ina mapengo. Mpaka siku alipokuja askari wa mbuga kuchukua kochi la mkewe. Akanisikiliza hadi mwisho, mpole, akasema, "Mama Viti, simba ako na tano mbele na nne nyuma. Wewe umewahi hesabu?" Sikuwa nimewahi. Nimeishi maisha yangu yote ukutani mwa mbuga na sijawahi kuhesabu simba hata mara moja, wacha mbili. Yule fundi wa Kihindi alikuwa amekaa mahali akamtazama mnyama. Kuanzia hapo nikawa nakisogelea kile kiti kwa adabu zaidi.

Kulikuwa na jambo moja tulilokuwa hatujalielewa. Simba wa kushoto alikuwa mzima: sharubu, pua, meno, hasira yote. Simba wa kulia hakuwa na uso. Alikuwa laini kama sabuni iliyotumika, pua imezama, macho yamekuwa mabonde mawili. Mwenye hoteli alikuwa ameshatuambia kwenye simu kwamba anataka uso urudishwe, na kila mahali pang'ae, na singa zitolewe tuweke sponji. Wafula alimwambia atarekebisha mbao na kushika fedha iliyofunguka, lakini uso hataugusa kwa sababu si kazi yake kumbunia mtu simba. Mwenye hoteli akasema sawa, atatafuta mwingine. Sponji mimi nilikataa kwa njia yangu: nilisema imeisha sokoni.

Sasa kuna mwanamke aliyekuwa akiuza viazi sokoni, anaitwa Nyokabi, wa huko Kabazi. Alikuwa amekiona kiti kikishushwa, akaona simba, akasimama na gunia mgongoni akakitazama. Siku ya pili akarudi bila gunia. Akauliza kama ni kile cha nyumba ya juu kwa memsabu, yule bibi wa kizungu. Nikasema ndicho. Akasema mamake alifanya kazi kwenye nyumba ile tangu akiwa msichana mpaka goti likakataa, na kazi yake ya kila Jumamosi ilikuwa kusugua kile kiti. Majivu, limau, kitambaa, halafu kitambaa kikavu. Yule memsabu alikuwa hajawahi kuruhusu mtu akikalie. Kulikuwa na mtu wa bustani, Njoroge, ambaye siku moja familia ya memsabu ilipokwenda mashindano ya farasi aliingia akakaa kidogo tu kuona ikoje, mtu akamwona dirishani akaenda kusema. Asubuhi yake alikuwa kwenye barabara ya Subukia na mkokoteni, kitanda juu, watoto nyuma. Mamake Nyokabi alikuwa amesimama na kitambaa mkononi akiwaona wakishuka.

Nyokabi akasema mamake ni mgonjwa. Kooni. Hospitali walikuwa wamesema awarudie Ijumaa, na kwa vile walivyosema, yeye alielewa kwamba Ijumaa ni ya kuambiwa waende nyumbani. Halafu akatoa lililomleta. "Shosho hataki kitu ingine," alisema. Sisi sote huku mama akizeeka anakuwa shosho, hata kwa bintiye. "Anataka akae hapo. Kabla."

Hakuimalizia, na mimi sikumwomba aimalizie.

Lori la Ndabibi lilikuwa linakuja Jumamosi asubuhi. Nikampigia simu mwenye hoteli. Mnajua, mimi siombi ninachotaka, naomba kikubwa zaidi kisha nateremka polepole ili mtu aone ameshinda. Nilianza kwa kumwomba kiti kipandishwe Kabazi kwa siku moja kwenye boma la yule mama. Akapiga kelele. Nikateremka, nikasema basi yule mama aje karakanani na watu wake, wafanye maombi na kupiga picha. Akasema mathe, hiyo ni kitu ya thamani, si kiti ya kukalia watu wagonjwa, hiyo hata mimi sijaikalia. Nikanyamaza kidogo, ndiyo silaha ya mwisho ya mchuuzi. Halafu nikamwambia kwamba kwa sheria ya kwetu kiti hakitoki bila kujaribiwa, na kama hataki kijaribiwe hapa, basi atakijaribu mgeni wake wa kwanza, tena mbele ya watalii wenye kamera. Nikamsimulia ya mchungaji. Nilimsimulia yote, hadi miguu juu.

Akasema, "Sawa, mjaribu. Lakini iwe mtu mwepesi."

"Boss," nikamwambia, "ninaye mwepesi. Nakuru yote hutapata mwepesi kama yeye."

Sikujivunia hiyo sentensi. Nilikata simu.

Ijumaa mchana wakafika kutoka hospitali. Nyokabi hakuhitaji kuniambia walichoambiwa, alikuwa amebeba mfuko wa dawa za maumivu tu. Shosho alikuwa mdogo kama mtoto wa darasa la tatu, kitambaa kichwani, sweta mbili. Alikiona kiti tangu mlangoni. Alitembea mpaka hapo akishikwa mkono, na alipofika akaachilia mkono, akachukua pembe ya leso yake, akaanza kumsugua simba wa kulia. Duara ndogo ndogo, kwanza pua, halafu paji la uso, halafu chini ya taya. Mkono ulikuwa unajua wenyewe.

Mimi na Wafula tukatazamana. Hapo ndipo tukaelewa uso ulikokwenda.

"Nilikuwa naanza na huyu," Shosho akasema. Sauti ilikuwa ndogo, ya kukwaruza. "Nikifika kwa ule mwingine mkono imechoka."

Wafula akamwambia kwa upole, "Shosho, leo si kazi. Leo kaa."

Tulimwinua mimi na Nyokabi, yeye upande huu, mimi ule. Alikuwa mwepesi kama nilivyoahidi. Tukamweka. Miguu haikufika chini, ikaning'inia, viatu vya mpira vyenye tope la hospitali vikielekea vile vidole vya simba. Hakuweza kuegemea kwa sababu ya midomo ya tausi. Akakaa wima. Wafula akaweka mikono yake yote miwili nyuma ya ile mbao tupu, ambapo mfalme hakuwahi kuangalia, akaishikilia ingawa gundi ilikuwa imekauka na haikuhitaji kushikwa.

Nikamletea chai. Sheria ni sheria, na nadhani nilitaka awe amekuja kufanya kitu, si kuonewa huruma. Nilikijaza kikombe hadi mdomoni. Akakipokea kwa mikono miwili, hakikutikisika hata kidogo. Akakitazama. Hakunywa. Mimi mjinga ndipo nikakumbuka koo.

Tukakaa hivyo. Nje mvua ilikuwa inapiga mabati, na kule kona gundi ilikuwa inachemka polepole. Mwishowe akamrudishia Nyokabi kikombe, akaweka mikono juu ya simba wote wawili, vile nafikiri yule mfalme alivyokusudiwa kuiweka. Nilikuwa nasubiri atabasamu. Nimeona watu wengi wakikaa kwenye vitu walivyovitamani, huwa kuna kitu usoni kinafunguka. Kwake kulifungika.

"Ni baridi," akasema.

Nyokabi akataka kumfunika na shali. Akaikataa.

"Hapana. Kiti. Miaka hiyo yote nilidhani iko na joto. Nilikuwa nikiishika inakuwa joto." Akaangalia viganja vyake. "Kumbe ni mimi nilikuwa nasugua."

Nikauliza, ili tu kuwe na sauti ndani ya chumba, kama memsabu mwenyewe alikuwa akikikalia. Shosho akatikisa kichwa. Hata yeye hapana, alikuwa akiogopa kukivunja. Alikuwa akisimama hapo na wageni wake, anaonyesha kwa kidole. Nikauliza, sasa nani alikuwa akikaa.

"Ni Njoroge peke yake," akasema. Halafu akaelekeza macho kwenye mlango, na nikaona yuko kwenye barabara ya Subukia akitazama mkokoteni. "Walimfukuzia hii?" akauliza. Hakuwa anatuuliza sisi. "Na watoto? Hii tu?"

Akaomba ashushwe. Tulimweka kwenye benchi la Wafula, lile la mbao za masanduku, lenye makovu ya msumeno, karibu na jiko la gundi. Akanyoosha mikono juu ya makaa. Wafula akamwomba msamaha kwa harufu. Shosho akasema harufu ya ngozi anaijua, hainaga shida. Hapo akakaa karibu saa nzima, joto likampanda, na akalala ameegemea bega la bintiye. Kile kiti kilikuwa nyuma yake kinang'aa na hakuna aliyekitazama.

Kikombe kilikuwa juu ya meza ya kushonea, kimejaa bado, kimeshika utando. Walipoondoka nikamwambia Wafula akimalize ili kiti kitoke. Aligeuza uso. "Mimi sikukaa," akasema. Nikasema basi akikalie sasa. Akasema wewe kikalie. Tulisimama hapo, watu wazima wawili, tukiogopa kiti, kama memsabu. Asubuhi lori likafika na tukawasaidia kukipakia.

Shosho alizikwa kabla ya viazi vya msimu huo kuchimbwa. Tulipanda Kabazi kwenye mazishi. Viti vya plastiki, vya kukodi, vyeupe. Nilivihesabu kwa mazoea, mara mbili, havikutosha, tukasimama. Mchungaji alisema mengi kuhusu viti vya enzi vilivyoandaliwa juu mbinguni. Mimi nilikuwa nikiomba kimoyomoyo viwe vya mbao, na karibu na moto.

Ndabibi nimekwenda mara moja, kupeleka mapazia. Kiti kiko sebuleni juu ya jukwaa, kimezungushiwa kamba nene nyekundu. Simba wa kulia ana uso sasa. Amepata mtu wa kumtengenezea: sharubu, pua, meno. Anafanana na yule wa kushoto kabisa, na wote wawili wanafanana na wanyama ambao hawajawahi kuguswa na mtu. Nilivusha mguu mmoja juu ya kamba kuchungulia kama gundi yetu imeshika. Askari akaja mbio, kijana mzuri tu. "Mathe, pole, hapo hapakaliwi."

Nikamwambia najua. Mzee Wafula ameshatangulia, karakana sasa ni duka la simu, na mimi nina magoti haya. Tangu kile cha mchungaji, viti vyote vilivyotoka kwenye ule mlango vilinywewa chai na kikombe kikapinduliwa. Nimevirudia kichwani mara mbili usiku nikikosa usingizi. Ni kile kimoja tu ambacho kwa sheria ya kwetu bado hakijapita.